Nyasi kiunoni, maziwa ndooni

Kama wewe ni mmoja wa wale wanaodhani kwamba Nairobi ni saruji na lami tupu, panda matatu katikati ya jiji ukafuate barabara ya Waiyaki hadi upite Westlands na Kangemi. Shukia Uthiru, kisha ushike njia ya kuelekea Waithaka, Ruthimitu na Mutuini. Katikati ya nyumba za kupangisha utaona vishamba vya nyasi ndefu za nepia. Nyuma ya ua utasikia ng'ombe akilia, na kabla hujafika mbali utapishana na kijana anayesukuma mkokoteni uliosheheni majani mabichi hadi yeye mwenyewe haonekani.

Sehemu hizi zilikuwa mashamba kabla hazijawa mitaa. Mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka wa 1963 na kumeza Dagoretti, jiji lilimeza pia watu waliokuwa na ardhi yao ya urithi na mifugo yao. Tangu hapo ardhi imegawanywa kwa watoto na wajukuu, nyumba za mawe zimejengwa, lakini ng'ombe hakuondoka. Amebaki zizini, akiletewa chakula mdomoni. Mwaka wa 2015, Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini, na hivyo mfugaji wa jiji akapata mahali pake katika sheria.

Ng'ombe huyo mmoja ndiye karo ya mtoto, ndiye chai ya asubuhi, na ndiye deni linalolipwa dukani mwisho wa mwezi. Ndiyo maana inasikitisha kuona kwamba katika nyumba nyingi maziwa yanapopungua, watu hulaumu mbegu ya ng'ombe, humlaumu daktari wa mifugo, au humlaumu kijana wa kukamua. Ni wachache wanaokwenda kutazama nyasi zenyewe na kujiuliza: zilikatwa lini, na kabla ya hapo zilikatwa lini?

Urefu hudanganya

Nepia ni nyasi ya Afrika. Jina hilo ilipewa kutokana na Kanali Napier wa Bulawayo, aliyewahimiza wakuu wa kilimo nchini humo waipime kama malisho mwanzoni mwa karne ya 20. Leo imeenea hadi Brazil na nchi za Asia. Hapa kwetu ilipata nguvu zaidi kuanzia mwaka wa 1980, wakati mradi wa kitaifa wa ng'ombe wa maziwa, ukisaidiwa na Uholanzi, ulipowafundisha wakulima wadogo kufuga zizini na kukata majani badala ya kuchunga.

Sifa ya nepia ni kwamba hukua haraka na kurefuka kupita mtu. Sifa hiyo hiyo ndiyo mtego wake. Mkulima akiona nyasi zimempita kichwa huona mali. Katika nyumba nyingi mazungumzo huwa kama haya:

"Mama watoto, ziache zikue kwanza. Zikikomaa tutapata mikokoteni mingi."

"Baba watoto, mikokoteni itakuwa mingi, lakini ndoo ni moja tu, nayo haijai."

Mama huyo ana haki. Uzito wa majani huongezeka kadiri siku zinavyopita, lakini chakula kilichomo ndani yake hakiongezeki kwa kiwango hicho. Nepia changa ina majani mengi na shina laini. Ikizeeka, shina hushinda majani, hugumu kama mti, na majani ya chini hukauka. Nepia ya wiki sita hivi ikiwa imetiwa samadi vizuri inaweza kuwa na protini karibu asilimia 10 ya uzito wake ikikaushwa. Ukiiacha miezi mitatu na zaidi, kiwango hicho aghalabu hushuka chini ya asilimia 7.

Asilimia 7 ina maana yake. Ng'ombe hamng'enyi nyasi peke yake. Katika tumbo lake la kwanza mnaishi vijidudu visivyoonekana kwa macho, mamilioni kwa mamilioni, ambavyo ndivyo vinavyovunjavunja majani. Vijidudu hivyo navyo vinataka protini ili viishi. Ikiwa chini ya kiwango hicho, vinadhoofika, na majani hukaa tumboni muda mrefu bila kusagika. Basi utamwona ng'ombe tumbo limejaa, amelala, hataki kula tena, nawe ukasema ameshiba. Kumbe amejaa tu, na njaa iko pale pale.

Isitoshe, tazama hori baada ya kula. Ukikuta limejaa vipande vya mashina vilivyotafunwa na kuachwa, ujue kwamba sehemu ya mikokoteni ile uliyojivunia imekwenda kuwa samadi bila kupitia kwa ng'ombe.

Haraka nayo haina baraka

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, na kwa ng'ombe wa Dagoretti msemo huo ni wa kweli kabisa. Lakini ni wahenga hao hao waliosema haraka haraka haina baraka. Mfugaji ambaye shamba ni dogo na ng'ombe analia hushawishika kukata nyasi zikiwa bado magotini. Hilo nalo ni kosa.

Nyasi ikikatwa, huchipua kwa kutumia akiba iliyowekwa katika mizizi na sehemu ya chini ya shina. Majani mapya yakishakua, hurudisha akiba hiyo kidogo kidogo. Ukikata kabla deni halijalipwa, ukakata tena na tena, shina hudhoofika, machipukizi hupungua, magugu huingia, na baada ya misimu michache unabaki na mashimo palipokuwa na nyasi. Aidha, nepia changa mno ni maji zaidi ya asilimia 80. Ng'ombe atajaza tumbo kwa maji, atahara, na wewe utakuwa umebeba maji kichwani kutoka shambani.

Wakati wenyewe ni upi, basi? Kwa nepia iliyopandwa upya, ngoja miezi mitatu hadi minne, iwe imefika mita moja au zaidi kidogo, ndipo ukate kwa mara ya kwanza ili mizizi iwe imeshika. Baada ya hapo kata kila wiki sita hadi nane, nyasi zikiwa na urefu wa sentimita 60 hadi mita moja. Huna haja ya kubeba kipimo. Simama kando ya nyasi: zikiwa magotini, ziache, zikiwa kati ya paja na kiuno, noa panga, zikifika kichwani, umechelewa.

Ukikata, acha kisiki cha sentimita 5 hadi 10 kutoka ardhini, yaani kama upana wa kiganja. Wakati wa ukame ni heri kuacha kisiki kirefu kidogo kuliko kifupi. Kata kwa mshazari, panga likiwa kali, ili maji yasituame juu ya kisiki na kukiozesha. Kisha palilia na urudishe samadi ya zizini katikati ya mistari. Nyasi ulizobeba zimebeba mbolea ya shamba lako. Usipoirudisha, hata ukihesabu wiki vipi nyasi hazitafika kiunoni.

Gawa shamba mafungu manane

Hapa ndipo penye siri kubwa, na haihitaji senti. Tuseme mama mmoja wa Waithaka ana robo ekari ya nepia. Akianza kukata popote panapompendeza, leo pembeni, kesho karibu na choo, baada ya miezi miwili atakuwa na sehemu moja iliyokatwa mara tatu na nyingine ambayo imekuwa msitu. Ana nyasi changa mno na nyasi kuukuu mno, na zote mbili zinampunguzia maziwa.

Badala yake, na apime shamba kwa hatua na kuligawa mafungu manane yanayolingana, akiweka kijiti mpakani. Kila wiki akate fungu moja tu, na alipunguze siku kwa siku ili Jumapili likiisha Jumatatu aanze la pili. Atakapomaliza fungu la nane, la kwanza litakuwa limepumzika wiki saba na liko tayari. Hakuna fungu litakalozeeka, wala hakuna litakaloonewa.

Mafungu hayo yatamfundisha jambo jingine: ukweli. Ng'ombe wa gredi mwenye uzito wa kilo 400 hutaka kiasi cha kilo 70 za nepia mbichi kwa siku. Ekari moja iliyotunzwa vyema inaweza kumtosha ng'ombe mmoja, au hata wawili mvua ikikubali, lakini robo ekari peke yake haitoshi. Fungu la wiki likiisha siku ya Alhamisi, asiibe fungu la wiki ijayo. Upungufu wa siku tatu na autafutie dawa mahali pengine: majani ya kabichi na maganda yanayotupwa masokoni Kangemi na Kawangware yakiwa safi na hayajaoza, mabua ya mahindi, migomba, au nyasi kavu za kununua. Na kama upungufu ni wa kila wiki, huenda ng'ombe ni wengi kuliko shamba.

Wewe nawe uliyeajiriwa katikati ya jiji, unayeondoka nyumbani gizani na kurudi gizani, una shida ya pekee. Shamba lako hulioni mchana ila Jumamosi na Jumapili, na kijana uliyemwachia kazi hukata palipo karibu na zizi. Tundika kalenda ukutani jikoni. Kila fungu linapomalizwa, andika tarehe. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kalenda hiyo itakuambia mambo ambayo kijana hatakuambia kwa simu.

Mvua haihesabu wiki

Wiki sita hadi nane si sheria ya mbinguni. Mvua za masika za Machi hadi Mei zikiwa nzuri, nepia inaweza kufika kiunoni katika wiki sita. Kufikia Julai na Agosti, jua la Nairobi linapojificha na baridi ya Kabete kuuma, nyasi husinzia, na wiki nane zinaweza kupita bila kufika kimo hicho. Januari na Februari kabla ya mvua, ukavu huzichelewesha vile vile. Kwa hiyo tumia kalenda kupanga, lakini tumia kiuno kuamua.

Kuna njia moja inayosaidia mwenye kishamba kidogo kupambana na ukavu, nayo hata jina lake ni la Kiswahili: tumbukiza. Huchimbwa mashimo ya upana na kina cha sentimita 60 hivi, yakajazwa udongo wa juu uliochanganywa na samadi, kisha vipande kadhaa vya nepia vikapandwa katika kila shimo. Shimo huhifadhi maji na mbolea, na nyasi zake huendelea kuchipua wakati zile za mistari zimekwisha kunyauka.

Dalili za uongo

Pengine utaona nepia yako imetoa maua mapema, ikiwa bado fupi, ukadhani imekomaa kabla ya wakati. Litazame hilo ua kwa makini. Kama limefunikwa unga mweusi kama masizi, huo ni ugonjwa wa fugwe ulioenea katika nyanda za juu za kati ya Kenya miaka ya 1990. Shina huwa jembamba, majani huwa machache, na kila ukikata, nyasi hurudi zikiwa dhaifu zaidi. Hakuna kuikatia ratiba nyasi kama hiyo. Ng'oa shina zima na mizizi yake, lichome moto, wala usimpe jirani vipande vya kupanda kutoka shamba hilo. Aina iitwayo Kakamega 1 inajulikana kwa kustahimili ugonjwa huu.

Magharibi mwa Kenya kuna ugonjwa mwingine wa kudumaza nepia. Huo hujionyesha hasa baada ya kukata: machipukizi hutoka mafupi, mengi, ya rangi ya manjano, wala hayarefuki tena. Ukipata mbegu kutoka huko, uliza kwanza.

Jihadhari pia na nyasi za kando ya mito yetu inayopitisha maji machafu ya mitaa, hata kama zimefika kimo kinachotakiwa. Majani yaliyoota majimajini yanaweza kubeba mabuu ya minyoo ya ini, na maji taka huleta sumu ambazo hakuna anayetaka kuziona katika chai ya watoto.

Akiba haiozi

Sasa tufike kwenye jambo linalowashinda wengi. Mwezi wa Mei nyasi ni nyingi kuliko mdomo wa ng'ombe. Mafungu matatu yanafika kiunoni kwa pamoja. Mkulima husema, "Nitaziacha zisimame, zitanifaa kiangazi." Zikisimama hadi kiangazi hazitakuwa nyasi tena. Zitakuwa kuni.

Zikate kwa wakati wake na uziweke akiba. Njia rahisi kwa mwenye kishamba ni sileji ya mfuko mrefu wa nailoni. Ziache nyasi zilizokatwa zinyauke kwa saa kadhaa ili maji yapungue. Zikatekate vipande vya inchi moja hivi. Nyunyizia molasi iliyochanganywa na maji kidogo, kilo tatu hadi tano za molasi kwa kila kilo 100 za nyasi, kwa kuwa nepia haina sukari ya kutosha kuchachuka yenyewe vizuri. Shindilia kwa miguu tabaka kwa tabaka hadi hewa yote itoke, kisha funga mfuko kwa nguvu na uuweke mahali ambapo panya na jua havifiki. Baada ya mwezi mmoja hadi miwili itakuwa tayari. Ikitoka na rangi ya kijani kibichi kilichofifia na harufu ya uchachu mzuri, umefaulu. Ikiwa nyeusi na yenye harufu ya kuoza, hewa iliingia, na hiyo usimpe ng'ombe.

Kumbuka kwamba sileji haiwezi kuboresha nyasi. Huhifadhi kile ulichokiweka. Ukiweka nyasi kuukuu mwezi wa Mei, utafungua mfuko mwezi wa Februari ukute nyasi kuukuu.

Kwa wanaonunua

Wengi wetu wa Riruta na Kawangware hatuna hata hicho kishamba, twanunua. Ukinunua nepia ya mkokoteni, usitazame kimo cha mzigo. Chomoa shina moja ulipinde. Likikunjika, ni changa. Likivunjika kwa kishindo na kuonyesha nyuzi kavu, muuzaji anakuuzia uzito wa mti.

Ukinunua robota za nyasi kavu za Boma Rhodes, kanuni ni ile ile ya wakati. Nyasi hizo hukatwa zinapoanza kuchanua, karibu nusu ya mashina yakiwa yametoa maua, kabla mbegu hazijakomaa. Robota nzuri bado ina ukijani, ina majani, na hunukia vizuri. Ile ya manjano iliyojaa mabua matupu na masuke makavu ilikatwa kwa faida ya muuza mbegu. Na wanaojaribu brakiaria, ambayo imefanyiwa utafiti hapa kwetu tangu muongo wa 2010 na Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoko Uthiru, pamoja na shirika la KALRO, nao hungoja miezi minne hivi baada ya kupanda, kisha hukata kila baada ya wiki sita hadi nane.

Ewe msomaji unayekaa magharibi mwa jiji, una bahati ambayo mfugaji wa mbali hana. ILRI iko Uthiru, na chuo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko Kabete, mwendo mfupi tu kutoka zizini kwako. Ukiona nyasi zako zina dalili usizozielewa, zungumza na afisa wa kilimo wa wadi yako na uwaulize wataalamu.

Kwa sasa, anza na yaliyo mikononi mwako. Jumapili ya leo, kabla jua halijatua, chukua vijiti saba na watoto wako mwende shambani. Wafundishe kuhesabu hatua, wachomeke vijiti mpakani, na kila mafungu yawe manane. Kisha kila mmoja asimame kando ya nyasi ajipime. Wewe mzazi ndiwe kipimo: fungu lililokufika kiunoni ndilo la wiki hii. Andika tarehe kwenye kalenda, na wiki ijayo tazama ndoo.